Edward Steere, mzee wa herufi: Mbona Kiswahili hukubali kila fonti

JINA la marehemu lilikuwa na ũ moja tu, lakini hiyo moja ndiyo iliyonitia adabu.

Ilikuwa kazi ya kawaida hapa Maseno. Familia moja ilitaka ukurasa wa tanzia mtandaoni, ili jamaa walio Nairobi na ng'ambo waone ratiba ya mazishi, picha na namba ya kutuma mchango. Mama mwenyewe alitoka upande wa Mlima Kenya, akaolewa huku, akalea watoto huku na huku ndiko alikokuwa anazikwa.

Nikajituma. Nikatafuta fonti maridadi, zile zenye miguu myembamba kama za kadi ya harusi, nikaipakia kwenye tovuti, jina lake nikaliweka juu kabisa kwa herufi kubwa. Kwenye programu ninayochorea, ambako nilikuwa na fonti kamili, lilionekana poa. Nikatuma linki bila kuangalia tena. Nilikuwa na njaa na mvua ya saa kumi ilikuwa imeanza.

Usiku huo dadake marehemu akapiga simu. Hakunifokea. Aliuliza tu kwa nini jina la dadake lina kiraka.

Nilifungua kwa simu nikaona. Herufi zote zilikuwa nyembamba na ndefu, halafu katikati pale ũ imekaa nene, fupi, ya familia nyingine kabisa. Ilikuwa kama mtu ameenda harusini na suti safi, kisha kiatu kimoja ni cha gamu.

Sababu yake ni rahisi, na kama unatengeneza tovuti ni vizuri uijue. Faili ya fonti ni nzito. Ili isimalize bando ya watu, watengenezaji huikata vipande: kimoja kina herufi za kawaida za Kiingereza, kingine kina herufi za ziada zenye alama. Mimi nilipakia kile cha kwanza pekee. Simu ilipofika kwenye ũ ikatafuta, ikakosa, ikaazima kutoka kwa fonti yake yenyewe. Ndiyo hicho kiraka.

Nilirekebisha kwa dakika kumi. Lakini kuna swali lilikataa kutoka kichwani. Miaka yote hii nimekuwa nikivisha Kiswahili na Dholuo fonti za kila aina, za bure na za kununua, na sijawahi kukosa herufi hata moja. Mbona Kiswahili hupita kila mpaka bila kuulizwa visa, na jina la mama wa watu likwame?

Kulifuata swali hilo kulinitoa Maseno hadi Unguja, kwa mwanamume mmoja aliyekufa mwaka wa 1882. Jina lake Edward Steere. Waliosoma Kiswahili chuoni wanamfahamu kama askofu aliyeandika vitabu. Mimi nilimfahamu kama fundi mwenzangu.

WAKILI ALIYEACHA UWAKILI

Steere alizaliwa London mwaka wa 1828. Alisomea chuo cha University College, na kwa masomo huyo msee hakuwa na mchezo. Kufikia mwaka wa 1850, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria na tayari amekubaliwa kuwa wakili. Kwa hesabu ya kila mzazi wa hapa kwetu, huyo kijana amemaliza maisha. Kilichobaki ni gari na harusi.

Akaiacha njia hiyo. Moyo wake ulikuwa kanisani. Mwaka wa 1856 akaanza kazi ya ukasisi, na baadaye akapelekwa mashambani Lincolnshire, pwani ya mashariki ya Uingereza, akihudumia wavuvi na wakulima huko Skegness na kisha parokia ndogo ya Little Steeping. Alioa mwaka wa 1858.

Mimi pia niliacha. Sitajilinganisha naye sana, kwa sababu mimi karo ndiyo iliniachisha chuo na yeye alitoka kwa hiari akiwa na vyeti vyote mkononi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kutoka kwenye barabara ambayo ukoo mzima ulikuwa umemchorea anajua yale macho ya watu kwenye sherehe. Wanakuuliza siku hizi unafanya nini, na kabla hujajibu wameshakuonea huruma.

Jambo la pili kumhusu ni kwamba alikuwa mtu wa mikono. Hakuwa msomi wa kukaa na kalamu tu akisubiri wengine wafanye. Kazi ya kuchapisha aliijua mwenyewe, kuanzia kupanga herufi hadi kubana karatasi. Ujuzi huo ndio ungekuja kuwa na maana kuliko shahada yake ya sheria.

KUTOKA MLIMANI HADI KISIWANI

Wakati huo kulikuwa na misheni iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza baada ya watu kusikia habari za David Livingstone. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa karibu na mto Shire mwanzoni mwa 1862. Aliyechaguliwa kuchukua nafasi yake alikuwa William Tozer, rafiki na jirani wa Steere kule Lincolnshire.

Steere akajitolea kumsindikiza. Mpango ulikuwa amsaidie kuanza, kisha arudi nyumbani. Mkewe Mary akabaki Uingereza. Hiyo safari ya kusindikiza mtu iliishia kuwa maisha yake yote yaliyobaki. Si unajua vile mtu huenda kusalimia Kisumu na kurudi baada ya miaka saba?

Walianza kwenye mlima wa Morambala, upande wa Zambezi. Mambo yakaenda mrama. Magonjwa yalikuwa mengi na watu wa kufundisha wachache, Tozer akaamua kuhama. Mwishoni mwa Agosti 1864, yeye na Steere walishuka Unguja.

Unguja ya wakati huo ilikuwa na soko la watumwa katikati ya mji. Muda mfupi baada ya wao kufika, Sultani Majid aliwapa vijana watano waliokuwa wametolewa kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa. Watoto wa bara, kila mmoja na kwao, wametenganishwa na watu wao. Hao ndio waliokuwa shule nzima.

Sasa fikiria uko mahali pa Steere. Uwafundishe kwa lugha gani? Kiingereza hawakijui. Lugha za kwao wewe huzijui. Lugha ambayo kila mtu wa kisiwa kile alikuwa anaishi nayo, sokoni, bandarini na jikoni, ilikuwa Kiswahili. Ikabidi mwalimu awe mwanafunzi kwanza.

NJIA TATU ZA KUANDIKA

Hapa lazima tuwe wakweli. Kuna watu husimulia historia kana kwamba wazungu ndio walioleta maandishi ya Kiswahili. Si hivyo. Waswahili walikuwa wameandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla babake Steere kuzaliwa. Utenzi wa Tambuka una tarehe ya 1728. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na 1840, yaliandikwa kwa herufi hizo hizo. Barua, hesabu za biashara, wasia, vyote.

Kwa hivyo Steere hakukuta ukuta mtupu. Alikuta nyumba yenye wenyewe, na mbele yake kulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kufuata herufi za Kiarabu. Ugumu wake ulikuwa wa aina mbili. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, Kiswahili kina irabu tano, na sauti kama p, v na ch hazina herufi zake mpaka uongeze nukta. Msomaji mzoefu hakusumbuka, kwa sababu aliijua lugha na alijaza mwenyewe. Mgeni na mtoto anayeanza walipata taabu. Ugumu wa pili ni wa mashine. Herufi za Kiarabu hushikana mikono, na moja hubadilisha umbo ikiwa mwanzo wa neno, katikati, mwisho au peke yake. Kwa mwandishi wa kalamu hilo ni urembo. Kwa mchapishaji ni kasha lenye vipande vingi mara kadhaa. Hata leo fonti ya Kiarabu kwenye tovuti huwa na kazi nyingi zaidi ndani yake kwa sababu hiyo hiyo.

Njia ya pili ilikuwa ya wataalamu. Mjerumani Richard Lepsius alikuwa ametoa katikati ya miaka ya 1850 alfabeti ya kuandikia lugha zote za dunia: herufi za Kilatini zilizopambwa kwa nukta, mistari na vikofia, kila sauti na alama yake. Kwa kusikiliza sauti ni kazi safi sana. Wamishonari wengi Afrika waliipenda. Hii tabia ya kuweka alama juu ya herufi ya kawaida ndiyo pia iliyokuja kutupa ĩ na ũ za Gĩkũyũ na Kikamba.

Njia ya tatu ilikuwa ya mtu anayejua uchungu wa kupanga herufi kwa mkono. Steere akaamua: irabu zisomwe kama za Kiitaliano, konsonanti zikaribie za Kiingereza, na alama za juu na chini zisiwepo. Pale herufi moja isipotosha, panga mbili pamoja, kama ch na sh. Basi.

Uamuzi huo hauonekani wa ajabu ukiusoma leo. Lakini maana yake ilikuwa kwamba kasha lolote la herufi kutoka duka lolote la Uingereza lingeweza kuchapisha Kiswahili siku hiyo hiyo lilipofunguliwa, bila kuagiza hata kipande kimoja cha ziada.

FONTI ZILIPOKUWA NA KILO

Wewe na mimi tukitaka fonti tunabofya. Zamani hizo fonti ilikuwa mzigo wa madini ya risasi. Kila herufi ilikuwa kijiti kidogo cha chuma laini chenye umbo la herufi kichwani, limegeuzwa kama unavyoliona kwenye kioo. Vijiti hivyo vilikaa kwenye trei ya mbao yenye vyumba vidogo, kila herufi na chumba chake.

Mpangaji alisimama mbele ya trei, akaokota herufi moja moja, akaijaza mstari, akasoma kinyumenyume kuhakikisha hakuna kosa. Kisha wino, karatasi, mkandamizo. Ukurasa ukiisha kuchapishwa, kila kijiti kinarudishwa chumbani mwake, kwa sababu ukurasa unaofuata unakihitaji. Hakuna kunakili na kubandika.

Sasa taka herufi maalum, tuseme u yenye kofia. Fundi wa chuma lazima aichonge kwanza kwenye ncha ya chuma kigumu, aigonge kwenye shaba ipate tundu la umbo lake, kisha amimine risasi iliyoyeyushwa, mara mamia, kwa kila ukubwa unaoutumia. Halafu isafiri kwa meli hadi Unguja, na mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa hadi 1869. Kama ingefika pungufu, ungeandika barua tena na kungoja tena.

Kuna shida nyingine ambayo mtu wa Kiswahili anaielewa haraka. Kasha la herufi la Uingereza lilipangwa kwa hesabu ya Kiingereza: e nyingi kuliko zote, a kiasi, k chache. Kiswahili nacho kinakula a kama watu wa shule ya bweni wanavyokula mkate. Andika tu kwamba wanafunzi wanasafisha madarasa. Hayo maneno matatu ya mwisho yana herufi 28, na 10 kati yake ni a. Ukisema jambo hilo kwa Kiingereza, a ni 3 tu. Ukipanga Kiswahili kwa kasha kama hilo, trei ya a itakauka wakati ile ya q na x haijaguswa hata siku moja.

Pamoja na hayo kazi ilitoka. Vijana wa misheni walifundishwa kupanga na kuchapa, na mwaka wa 1867 kilitoka pale Unguja kijitabu cha Steere kuhusu Kishambaa, kimechapwa kisiwani. Hebu kaa na hilo kidogo. Watoto waliokuwa wamewekwa kwenye jahazi kama magunia, miaka michache baadaye maneno ya lugha za bara yanatoka mikononi mwa shule yao yakiwa kitabu. Wengi wa waliopanga vijiti vile hawajaandikwa popote na sisi tunalitaja jina la askofu tu. Na hapo pia kuna funzo kwa wanaotengeneza tovuti: jina linalobaki chini ya ukurasa si la kila aliyefanya kazi.

VITABU VIWILI VYA MWAKA WA 1870

Mwaka wa 1868 Steere alirudi Uingereza, na mwaka wa 1870 alitoa vitabu viwili. Kimoja ni mwongozo wa kujifunza Kiswahili, ambao uliendelea kutumika na kurekebishwa na wengine miaka mingi baada yake. Cha pili ni mkusanyiko wa hadithi alizosikia kutoka kwa watu wa Unguja wenyewe, na waliomsimulia aliwataja kwa majina. Ndani yake kuna ile ya kima, papa na punda wa dobi, ambayo huenda uliisikia kwa nyanya yako ikiwa na wanyama wengine.

Kama fundi wa kurasa, kinachonivutia kwenye kile cha pili ni mpangilio. Kiswahili kiko upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, kurasa mbili zinatazamana. Lugha ya watu wa Unguja haikuwekwa chini kwa herufi ndogo kama maelezo ya pembeni. Ilipewa ukurasa wake mzima, sawa na ya mwenye kitabu. Mpangilio husema mambo ambayo maandishi hayasemi.

Aliporudi Unguja mwaka wa 1872 alikuta balaa. Kimbunga cha mwezi wa Aprili mwaka huo kilikuwa kimevunja vunja kisiwa, na Tozer, afya ikiwa imemshinda, akaiacha kazi mwaka uliofuata. Mzigo ukamwangukia yule aliyekuja kusindikiza.

Juni 1873, Sultani Barghash akishinikizwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo, Steere na wenzake wakaweka jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja wa soko hilo. Mwaka wa 1874 akafanywa askofu. Kanisa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yeye mwenyewe akisimamia ujenzi, na likafunguliwa Krismasi ya 1879. Mwaka huo huo John Swedi, mmoja wa wale vijana wa mwanzo, aliwekwa kuwa shemasi.

Katikati ya hayo alitembea kwa miguu bara hadi kwa chifu Mataka wa Wayao mwaka wa 1875, na mwaka uliofuata akawasindikiza watu waliokombolewa kutoka utumwani kurudi upande wa kwao, ambao walianzisha makao Masasi. Halafu jioni anarudi kwenye tafsiri na karatasi za kusahihisha. Mimi nikitembea kutoka Maseno hadi Luanda nataka kulala.

Alifariki Unguja Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga.

MLANGO ULIOFUNGWA

Sitaki umalize kusoma ukidhani ni hadithi ya ushindi mtupu.

Karibu na 1880, mji huo huo wa Unguja ulikuwa na kiwanda kingine cha kuchapisha. Sultani Barghash alikuwa ameanzisha chake, kikitoa vitabu vya dini na sheria kwa herufi za Kiarabu. Kwa hivyo mashine ya Kiarabu iliwezekana. Gharama ilikuwepo, lakini mwenye nia alilipa. Ni muhimu kulijua hilo, kwa sababu sisi mafundi tunapenda kusema teknolojia ndiyo iliyokataa, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kulipia.

Baadaye serikali za kikoloni, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, zikachukua herufi za Kilatini kuwa za shule na ofisi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 kukawa na kamati ya kukisimamia. Mzee wa Lamu aliyesoma tenzi maisha yake yote kwa herufi za Kiarabu akaanza kuhesabiwa kama mtu asiyejua kusoma. Hakusahau chochote. Ni fonti ya dunia iliyobadilishwa bila yeye kuulizwa.

Kwa hiyo uamuzi wa Steere ulifungua mlango mpana sana, na wale waliokuwa ndani tayari wakajikuta nje.

TURUDI MASENO

Misheni ya Maseno ilianzishwa mwaka wa 1906 na watu wa chama kingine cha Kimishonari, si kile cha Steere. Lakini Dholuo nacho kiliishia kuandikwa kwa herufi zisizo na kofia: th, dh, ny, ng'. Ndiyo maana jina la mtu wa Seme au Gem huvaa fonti yoyote, sawa na Kiswahili.

Karibu yoyote. Kuna hiyo alama ya ng'. Niliwahi kutengeneza fomu ya kujiandikisha kwa kikundi kimoja cha akiba, nikaiambia ikubali herufi pekee. Kila mwanachama mwenye ng' kwenye jina akaambiwa jina lake si halali. Hebu waza, jina ulilopewa na babu yako linaitwa si halali na kijana wa miaka 24 aliye na laptopu ya mkopo. Zaidi ya hapo, programu nyingi hugeuza alama hiyo ikaangalia upande usiofaa, na fonti zingine huiachia nafasi kubwa hadi ng'ombe anaonekana amekatwa shingo.

Kwa hivyo nimejiwekea sheria, na nakupa bure. Kabla ya kuipenda fonti, iandikie majina ya watu watakaoitumia. Weka ĩ na ũ, weka ng' ndogo na kubwa, tazama kama zote ni za familia moja. Ukipakia faili, chukua na kile kipande cha herufi za ziada. Simu hukishusha pale tu kinapohitajika, kwa hiyo bando ya mtu haiumii. Uzito wa aina mbili unatosha, wa kawaida na ule mnene. Tumia faili iliyobanwa ya WOFF2. Iambie tovuti ionyeshe maandishi kwa fonti ya simu kwanza huku yako ikija, ili mtu aliye na mtandao wa kusuasua asione karatasi tupu. Kisha fungua kwa simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima.

Na ukikwama kabisa, Google wana fonti iitwayo Noto. Jina lake linatokana na vile visanduku vitupu unavyoona herufi ikikosekana, ambavyo watu wa kazi hii huviita tofu. Lengo ni visiwepo tena, kwa lugha yoyote, na Kiarabu kimo. Yule mzee wa Lamu angeweza kusomewa utenzi wake kwenye simu leo, kwa herufi zake, kama kuna atakayechukua taabu ya kuuandika.

Hapo ndipo Steere aliponishika. Yeye alikuwa na kasha la risasi na sababu za kweli za kuacha alama nje: kila alama ilikuwa kilo, pesa na miezi baharini. Mimi sikuwa na sababu. Herufi ya yule mama ilikuwa kwenye faili ya kilobaiti chache ambayo sikujisumbua kuipakia.

Siku ya mazishi nilienda. Nilisimama nyuma karibu na hema, na dadake alikuwa ameshika simu akiwaonyesha wageni ukurasa, akikuza jina kwa vidole viwili. Ũ ilikuwa imekaa sawa na wenzake. Hakuna aliyeigundua.